Wanaoulizwa ni Waliofika

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, ni 154,171. Wengine wote, zaidi ya milioni moja, ni watu wa ng'ambo: Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu. Maktaba ya umma inayojulikana zaidi mjini, ile ya Huduma ya Maktaba ya Taifa (KNLS), iko Barabara ya Msanifu Kombo, kisiwani. Kwa hivyo hojaji ya kupima kuridhika kwa wasomaji inapogawiwa kwenye meza za jengo lile, inagawiwa mahali ambapo ni mtu mmoja tu katika kila wanane wa kaunti hii anayeishi upande huo wa maji.

Mikindani imo katika lile kundi la saba waliobaki. Ni wadi ya Jomvu, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na Jomvu peke yake ilihesabiwa watu 163,415, wengi kuliko kisiwa kizima. Mwanafunzi wa huku anayetaka meza ya kusomea mjini hupanda matatu, akapita Changamwe, akavuka Makupa kuingia kisiwani, akashuka na kutembea. Jioni akirudi anakutana na msururu wa malori ya makontena. Mtu huyu akipata kiti, kisha akaletewa fomu ya kuulizwa kama ameridhika, ataweka alama ya juu. Ameshatoa nauli, ameshavumilia njia, na amepata alichokifuata. Mwenzake aliyekosa nauli haulizwi. Msichana ambaye wazazi hawamruhusu kuvuka mji peke yake haulizwi. Wala haulizwi yule aliyekwenda siku moja, akakuta viti vimejaa, akageuza na asirudi tena. Ndiyo maana nasema kwamba alama ya kuridhika inayochukuliwa ndani ya kuta za maktaba hupima zaidi subira ya waliofika kuliko huduma yenyewe.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu 2004 mashirika ya umma nchini Kenya yamekuwa yakitia saini mikataba ya utendakazi na serikali, na utafiti wa kuridhika kwa wateja umekuwa miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Maana yake ni kwamba asilimia inayotoka kwenye fomu zile hupanda ngazi, huingia kwenye ripoti, na mwishowe humfikia anayeamua fedha ziende wapi. Anayepimwa ndiye mara nyingi anayeandaa maswali, anayechagua siku ya kuyauliza na anayekusanya majibu. Simtuhumu mkutubi yeyote kwa hila. Nasema tu kwamba mwanafunzi akitungiwa mtihani na yeye mwenyewe, hata awe mwaminifu namna gani, hataulizwa swali gumu.

Wazo la kupima ubora wa huduma kwa kumwuliza anayehudumiwa lilipata sura yake ya kitaalamu Marekani katika miaka ya 1980. Parasuraman, Zeithaml na Berry walieleza mwaka 1985 kwamba ubora anaouona mteja ni tofauti kati ya alichokitarajia na alichokikuta, na 1988 wakatoa chombo chao cha SERVQUAL, chenye vipengele 22. Walikuwa wakiyatazama mabenki na huduma za biashara. Watu wa maktaba walikichukua chombo hicho, wakakigeuza, na mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Texas A&M pamoja na Chama cha Maktaba za Utafiti cha Marekani wakaanza kukijaribu kilichokuja kuitwa LibQUAL+. Humo msomaji huulizwa mambo ya namna tatu: jinsi anavyohudumiwa na watu, uwezo wake wa kujipatia habari anayoitafuta, na maktaba kama mahali pa kukaa.

Kitu kilichonivutia siku zote katika LibQUAL+ ni kwamba kila swali hujibiwa mara tatu, kwa mizani ya 1 hadi 9. Kwanza, ni kiwango gani cha chini kabisa unachoweza kukivumilia? Pili, ungetamani kiwango gani? Tatu, unaonaje unachopata sasa? Chukua mfano wa wasomaji wawili. Wa kwanza ni kijana wa Kidato cha Nne ambaye hajawahi kuingia maktaba nyingine maishani: anavumilia 3, anatamani 6, anaona anapata 6. Wa pili ni mhasibu anayejiandaa kwa mitihani ya KASNEB, aliyesoma chuo kikuu chenye maktaba nzuri: anavumilia 7, anatamani 9, na yeye pia anaona anapata 6. Wote wawili wamekiona kitu kilekile na wamekipa alama ileile. Mmoja amefikishiwa matamanio yake yote. Mwingine amepewa chini ya kile anachoweza kukivumilia. Fomu yenye swali moja tu, "Umeridhika?", ingewaandika wa kwanza ameridhika sana na wa pili hakuridhika, na msimamizi angehitimisha kwamba mhasibu ni mtu wa kulalamika. Ukweli ni kwamba mhasibu anajua maktaba inavyoweza kuwa, na kijana hajui.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwa Pwani yetu. Matarajio hujengwa na mazoea. Mtoto aliyesoma katika shule ambayo rafu yake ya vitabu ni ya vitabu vya kiada vilivyochakaa atafurahia chumba chochote chenye feni na utulivu. Furaha yake ni ya kweli, na haifai kubezwa. Lakini haiwezi kuwa ushahidi kwamba huduma ni nzuri, kwa sababu hana cha kulinganishia. Tukimhesabu kama mteja aliyeridhika na kufunga faili, tutakuwa tumeutumia unyonge wake kuwa hoja ya kumnyima zaidi. Pamoja na hayo ipo adabu. Mtu wa huku akiulizwa na mwenyeji wake ana kwa ana, huku mkutubi amesimama pale pale na kalamu, atashukuru. Ataona si vizuri kumtolea kasoro aliyempokea vyema na ambaye kesho atakutana naye tena mlangoni. Jibu la namna hiyo halirekebishwi kwa kulipuuza. Hurekebishwa kwa kubadili muulizaji, kumpa mtu fomu isiyo na jina lake na sanduku la kuitia, na kumwuliza alichofanya badala ya anachoona. "Leo ulikuja kutafuta nini? Ulikipata?" ni maswali ambayo hayamtii mtu haya.

Lugha nayo ihesabiwe. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Hojaji ya Kiingereza iliyochukuliwa kutoka chuo cha nje ya nchi na kunakiliwa vilevile hujibiwa vizuri na wale ambao tayari maktaba inawafaa. Mama anayemleta mwanawe sehemu ya watoto, na ambaye yeye mwenyewe angependa kusoma kitu kwa Kiswahili, ataiacha mezani.

Tukitaka kuona jinsi kuridhika kunavyoweza kudanganya, historia ya maktaba nchini humu inatosha. Mombasa ilitangulia: mwaka 1903 ilipata Maktaba ya Umma ya Seif bin Salim, pamoja na chumba cha kusomea bila malipo. Nairobi ilifuata na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, jengo la kupendeza lenye nguzo kubwa, ambalo hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa la Wazungu peke yao. Fikiria hojaji ikigawiwa mle mwaka 1950. Wasomaji wangekuwa wamekaa kwa nafasi, vitabu kwa lugha yao, watumishi wa kutosha. Asilimia ya kuridhika ingekuwa ya kuonea fahari, na wala fomu hata moja isingesema uongo. Mji mzima wa Waafrika na Wahindi uliokuwa nje ya mlango usingeonekana popote katika ripoti. Leo hakuna sheria ya rangi mlangoni, na nashukuru. Zipo nauli, zipo saa za kufunga, upo umbali, na kwa miaka mingi KNLS imewatoza watu wazima ada ndogo ya kuingia, ilhali tamko la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO la 1994 kuhusu maktaba za umma linataka huduma hiyo kimsingi iwe bila malipo. Kwa mwenye kazi ada hiyo si kitu. Kwa kijana wa Bangladesh, mtaa ule wa mabanda uliomo Mikindani, ikiongezwa juu ya nauli ya kwenda na kurudi, ni chakula cha mchana.

Nataka nikae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu ndiko wengi wanakoogopa na ndiko wanakodanganywa. Wanafunzi wa vyuo vyetu hupenda fomula ya Taro Yamane, ya 1967, kutafuta idadi ya watu wa kuhojiwa. Ukiiwekea wakazi wote 1,208,333 wa kaunti, kwa kukubali kosa la asilimia 5, inakupa watu 400. Ukiiwekea Jomvu peke yake, 163,415, inakupa 399. Ndiyo, tofauti ni mtu mmoja. Hesabu hii husaidia kuondoa kisingizio cha kwamba kuwahoji watu wa mitaani ni kazi isiyowezekana. Watu 400 wanahojiwa kwa siku chache na kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa waliofunzwa vizuri. Lakini hesabu hiyo ina sharti ambalo mara nyingi halisemwi kwa sauti: inafanya kazi pale tu ambapo kila mmoja katika wale 163,415 alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Watu 400 waliookotwa mlangoni mwa maktaba Jumatano asubuhi hawamwakilishi mtu yeyote ila wale wanaokuwa maktabani Jumatano asubuhi. Ukiongeza wakawa 4,000, kosa linabaki palepale. Umelirudia mara kumi tu.

Siku nayo ina neno lake. Maktaba ya umma ya mji wa Kenya si moja mwaka mzima. Muhula wa tatu, mtihani wa KCSE unapokaribia, watahiniwa hujaa wakiwa na madaftari yao wenyewe, na kitabu cha rafuni hawakigusi; wanachotumia ni kiti, mwanga, feni na kimya. Likizo huja watoto. Ramadhani mahudhurio hubadilika saa zake. Jumamosi huja wafanyakazi. Kipimo cha wiki moja kikiandikwa kama kipimo cha mwaka, kitakuwa kimesikiliza kundi moja na kuliita umma.

Kuna njia nyingine ambayo naiona ina faida kubwa zaidi kuliko hojaji, na inashangaza jinsi inavyotumika kwa nadra: kulifuata ombi la msomaji hatua kwa hatua. Paul Kantor, mtafiti wa Marekani, aliiweka wazi mwaka 1976. Mtu amekuja na jina la kitabu. Je, maktaba imewahi kukinunua? Ikiwa imekinunua, je, kipo au kimeazimwa? Ikiwa hakijaazimwa, je, kimewekwa kwenye rafu yake au kimepotelea kwingine? Ikiwa kipo rafuni pake, je, msomaji mwenyewe ameweza kukifikia? Tuseme maktaba fulani inafaulu mara 8 kwa 10 katika hatua ya kwanza, na mara 9 kwa 10 katika kila moja ya hatua tatu zilizobaki. Mkuu wa kila kitengo atakwenda nyumbani akijiona amefanya kazi njema, na ana haki. Zidisha sasa: 0.8 kwa 0.9 kwa 0.9 kwa 0.9 ni 0.58. Katika kila wasomaji kumi, wanne wametoka mikono mitupu. Hakuna mizani ya "nimeridhika sana, nimeridhika, sina hakika" itakayokuonyesha kwamba tatizo liko kwenye ununuzi na wala si kwenye tabasamu la mhudumu. Daftari la kawaida kaunteni, lenye safu ya "kilichoulizwa" na safu ya "kwa nini hakikupatikana", litaonyesha ndani ya miezi mitatu. Na litampa mkutubi silaha anapoomba bajeti: orodha ya vitabu ambavyo watu wa kweli walivitaka, wakavikosa.

Hata kiwango cha kimataifa cha vipimo vya maktaba, ISO 11620, kilichotoka mara ya kwanza 1998, hakikukiacha kipimo cha kuridhika kisimame peke yake. Kimekiweka kati ya vipimo vingine vingi, vikiwemo upatikanaji wa vitabu vinavyotakiwa na sehemu ya jamii inayofikiwa na huduma. Hicho cha mwisho ndicho ninachokililia. Gawanya idadi ya wasomaji wa Jomvu kwa wakazi wa Jomvu, uone unachopata. Tarakimu hiyo moja ingefaa ichapishwe ukurasa wa kwanza wa kila ripoti ya maktaba katika kaunti hii, kabla ya asilimia yoyote ya kuridhika.

Kuwafikia walio mbali si jambo geni kwa nchi hii. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948, liliwapelekea wasomaji vitabu kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1996 KNLS ilianza kuwabebesha ngamia vitabu huko Garissa ili viwafikie wafugaji wanaohamahama. Watu waliopanga huduma ile hawakungoja wafugaji waje mjini kujaza fomu. Walijua kwamba wasiofika ndio wenye haja, wakaanza safari. Mikindani haifiki hata kilomita 15 kutoka kisiwani, na barabara ya lami inapita hapo usiku na mchana.

Kwa hivyo utafiti wa haki kwa Mikindani ungefanywa Mikindani. Ungeanzia steji, sokoni, misikitini na makanisani baada ya ibada, kwenye saluni na vinyozi, kwenye viwanja vya shule saa za kutoka, na nyumba kwa nyumba Bangladesh, jioni pia, maana mchana wengi wako bandarini, viwandani au kwenye vibarua. Usingeanza na neno maktaba kabisa. Ungeuliza: mara ya mwisho ulipohitaji kujua jambo, la shule, la kazi, la afya au la sheria, ulikwenda wapi? Mtoto wako anafanyia wapi kazi za shule usiku? Watu wangapi wanalala katika chumba hicho? Hapo ndipo ungeuliza kama amewahi kuingia maktaba, na kama aliacha kwenda, aliacha kwa nini. Swali la mwisho lingekuwa la saa: ukumbi wa kusomea ukiwa karibu, ungetaka uwe wazi saa ngapi? Nina hakika majibu ya swali hili yangewasumbua wanaopanga saa za ofisi, kwa sababu mwanafunzi na mfanyakazi huwa huru wakati ambapo ofisi za serikali zimeshafungwa.

Wapo wenzangu katika taaluma watakaosema kwamba haya ni kuibebesha maktaba mzigo wa umaskini na barabara, na kwamba mkutubi apimwe kwa yale tu yaliyo mikononi mwake. Upande mmoja nakubaliana nao. Mkutubi asikatwe alama kwa sababu ya nauli ya matatu. Tofautisha vipimo viwili: kimoja cha watumishi, juu ya jinsi wanavyompokea aliyefika, na kingine cha waliokabidhiwa huduma yenyewe, juu ya wangapi wanaweza kufika. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kipimo cha pili ni cha kaunti. Kinapochanganywa na cha kwanza, heshima ya wakutubi wachache wanaojituma ndiyo inayotumika kuficha pengo lisilo lao.

Sina haja ya jengo la ghorofa. Ukumbi wa jamii wenye meza imara, taa, feni, soketi za umeme, maji ya kunywa, choo kinachofungika, rafu chache za vitabu vipya vya Kiswahili na vya mtaala, intaneti, na mtu mmoja aliyesomea kazi hii, unaobaki wazi hadi saa tatu usiku, ungebadilisha hesabu ya Jomvu kuliko utafiti wowote wa kuridhika.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge lake kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na wananchi wasikizwe. Msomaji wa Mikindani, Jomvu Kuu na Miritini, vikao hivyo vikiitishwa katika wadi yako nenda, na vijana wako uwachukue. Uliza kaunti ina maktaba ngapi ng'ambo hii ya Makupa, na uombe jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Na ukiwa kisiwani, ukipewa fomu ya kuridhika, ijaze kwa ukweli, kisha nyuma yake andika unakotoka, nauli uliyolipa, na kitabu ulichokikosa.